Viporo vya Twin Peaks: majibu yapo, au tumeachwa njiani?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi na mdogo wangu tumemaliza Twin Peaks yote: sehemu 30 za mwaka 1990 na 1991, filamu ya 1992, na sehemu 18 za mwaka 2017. Tulidhani mwisho ungefunga kila kitu, kumbe tumebaki na maswali kuliko tuliyoanza nayo. Annie alipatwa na nini? Josie je? Audrey yuko wapi pale anapojiona kwenye kioo? Na Cooper anapouliza huu ni mwaka gani, jibu ni lipi? Mdogo wangu amejaza daftari zima. Anaamini waandishi walipanga yote tangu siku ya kwanza na jibu limefichwa humo humo, ni sisi tu hatujachimba vya kutosha. Amewasha sehemu ya 17 na ya 18 kwa pamoja kwenye skrini mbili aone zinavyooana. Halali mpaka saa tisa usiku. Siku hizi ananionyesha namba 430 kwenye risiti na kwenye vibao vya magari. Mimi nimeanza kuhisi tulidanganywa, kwamba hawakuwahi kuwa na jibu lolote. Nani kati yetu yuko sahihi? Na je, nimwache aendelee?"*

Marahaba, na asante kwa kuuliza kwa kirefu. Kwa asiyeijua, Twin Peaks ni tamthilia ya Marekani kuhusu Dale Cooper, wakala wa FBI anayechunguza mauaji ya msichana Laura Palmer. Msomaji mwingine ambaye hajaitazama tamthilia hii na anakusudia kuitazama aishie hapa, maana nitataja ya mwisho waziwazi.

Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo. Moja ni la hadithi, kama majibu yapo au hayapo. Jingine ni la mdogo wako, na nahisi hilo ndilo lililokufanya ukae uandike. Nitaanza na hadithi kwa sababu mdogo wako naye ataisikiliza sehemu hiyo. Ukimwendea na nasaha za usingizi kwanza, atafunga daftari na kuondoka.

Nimehariri miswada ya tamthilia kwa miaka mingi, na jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui ni jinsi hadithi ya mfululizo inavyotungwa huku inakimbia. Kwenye tamthilia moja niliyoifanyia kazi, tulimpa mhusika ufunguo. Kamera ikausogelea kabisa, akautia mfukoni, tukakata. Ulikuwa ufunguo wa nyumba ambayo angeifikia sehemu sita mbele. Kabla hatujafika huko bajeti ikapunguzwa, ile nyumba ikafutwa, na ufunguo ukabaki mfukoni mwake hadi leo. Watazamaji wakaandika nadharia nzuri mno kuhusu ufunguo ule, baadhi zikiwa bora kuliko tulichokuwa nacho sisi. Hakuna aliyekisia kwamba jibu lilikuwa kwenye karatasi ya hesabu za fedha.

Sasa tuje Twin Peaks. Mdogo wako anasema yote yalipangwa tangu siku ya kwanza. Mwulize kama anajua BOB, yule pepo, alitoka wapi. Frank Silva hakuajiriwa kuigiza. Alikuwa fundi wa seti, mtu wa kupanga vitanda, meza na mapazia. Wakati wa kurekodi sehemu ya kwanza alikuwa chumbani kwa Laura akisogeza samani, na mwongozaji David Lynch akaingiwa na wazo la kumrekodi akiwa amechutama kwenye miguu ya kitanda, bila kujua bado atalitumia wapi. Baadaye, kwenye tukio ambalo mama yake Laura anashtuka na kuinuka huku akipiga ukelele, sura ya Silva ikanaswa kwa bahati mbaya kwenye kioo nyuma yake. Mwongozaji mwingine angerudia tukio. Lynch akaiacha. Pepo aliyebeba hadithi nzima ya mauaji alizaliwa siku hiyo, kutokana na kosa la kioo.

Na kile chumba chenye mapazia mekundu, ambacho mashabiki wamekichambua kila pindo? Mkataba ulidai sehemu ya kwanza iwe na toleo lenye mwisho uliofungwa, ili liweze kuuzwa Ulaya kama filamu kamili endapo mfululizo haungeendelea. Lynch alihitaji mwisho wa haraka, akakitunga chumba kile, na Cooper akaonekana humo akiwa amezeeka miaka 25. Mfululizo ulipopata ruhusa ya kuendelea, vipande vile vikageuzwa ndoto ya Cooper. Kwa hiyo ile "miaka 25" ambayo mwaka 2017 ilionekana kama unabii uliotimia ilianza kama pambo kwenye mwisho wa dharura.

Kwa hilo mdogo wako amekosea. Lakini nawe usishangilie, kwa sababu kutopanga si kudanganya. Kudanganya ni kumwahidi mtazamaji jibu huku ukijua huna nia ya kulitafuta. Alichofanya Lynch na mwenzake Mark Frost ni kuokota kilichoanguka na kukifanyia kazi kwa bidii mpaka kikawa na maana. Watunzi wengi wazuri hufanya hivyo, ila wachache hukiri.

Ndiyo maana nikikutana na kiporo, yaani kisa kilichoachwa bila kufungwa, swali langu la kwanza si "jibu ni lipi?" bali "nani alikiacha, na kwa nini?" Tuvichukue vya kwako kimoja kimoja.

Josie kwanza, yule mjane mwenye kiwanda cha mbao. Anakufa kitandani hotelini, kisha tunaona uso wake umenaswa ndani ya kitasa cha mbao cha droo, mdomo wazi, kana kwamba mti umemmeza. Picha ile haisahauliki. Basi, ikaishia hapo. Joan Chen, aliyemwigiza, aliomba kuondoka kwenda kufanya filamu nyingine, na mhusika wake ikabidi afungwe haraka. Kumbuka pia kwamba kati ya zile sehemu 30 za mwanzo Lynch aliongoza sita tu. Msimu wa pili ulipita mikononi mwa waandishi na waongozaji wengi, na mkono mmoja ulianzisha kisa ambacho mkono mwingine haukukiendeleza. Josie ni ajali ya kazi. Unaweza kuipenda ile picha ya kitasa, mimi naipenda sana, ila usiivunjie usingizi.

Annie, mpenzi wa Cooper, ni jambo tofauti, na hapa niko upande wako kabisa. Juni 1991 tuliachwa na Cooper mwovu, pacha mwenye sura yake, bafuni, akikamua dawa ya meno yote kwenye sinki, akigonga paji la uso kwenye kioo na kuuliza kwa kebehi, "Annie yu hali gani?" Mtu akimwaga swali kama hilo mbele ya mamilioni ya watu kisha tamthilia ikafutwa, tunamsamehe. Walitarajia msimu wa tatu, hawakuupata. Lakini walipata sehemu 18 mwaka 2017, zote zikiandikwa na Frost na Lynch na kuongozwa na Lynch mwenyewe, na Annie hakutokea hata mara moja. Frost alimgusia kwenye kitabu alichokitoa mwaka huo huo baada ya mfululizo kumalizika. Ukikisoma utapata kitu. Ila kwa mtu aliyeulizwa swali kwenye skrini, jibu la kitabuni ni deni lililolipwa kwa mtu mwingine. Hicho nakiita kasoro, na sioni fahari ya kukitetea.

Hata hivyo ni Annie huyo huyo anayetupa mfano mzuri kuliko yote wa kiporo kilicholipwa. Kwenye filamu ya 1992 anamtokea Laura ndotoni, amelala kando yake kitandani, damu mdomoni. Anamwambia kwamba Dale mwema amenaswa kule kwenye mapazia mekundu na hawezi kutoka, na kwamba ayaandike maneno hayo kwenye shajara yake. Watu waliishi na maneno hayo robo karne. Mwaka 2017 naibu Hawk yuko kwenye choo cha kituo cha polisi, sarafu inamdondoka, anapoiokota anaona nembo ya kiwanda kwenye mlango wa choo na pembe ya bati iliyoachia. Anaibandua. Ndani kuna kurasa za shajara, na maneno ya Annie yameandikwa. Niliinuka kitini, kweli. Kisha Hawk anasema kurasa zilizopotea zilikuwa nne na hapo ziko tatu.

Tazama wanavyofanya: wanakulipa, na wakati huo huo wanafungua mlango mwingine. Ukurasa wa nne haujapatikana. Huo si usahaulifu, maana anayesahau hawezi kuhesabu. Kiporo cha namna hii kimeachwa kwa makusudi, na ndicho kinachostahili daftari la mdogo wako.

Kuna vingine ambavyo mkono wa mauti umevigusa, na mashabiki huwa wanavisahau hivi wanapojenga nadharia. David Bowie aliigiza wakala Phillip Jeffries kwenye filamu. Alifariki Januari 2016, na mwaka uliofuata Jeffries akarudi akiwa mtambo mkubwa wenye umbo la birika, ukitoa mvuke na sauti ya mtu mwingine. Catherine Coulson, yule mama wa gogo, alirekodi sehemu zake akiwa mgonjwa na akafariki Septemba 2015. Simu zake za mwisho kwa Hawk ni mtu anayeaga kweli. Ukianza kutafuta maana ya siri ya birika kabla ya kukumbuka kwamba mwigizaji alikufa, umeanzia ghorofani.

Audrey sina hakika kama ni shimo la makusudi au deni, na nimebadilisha mawazo mara mbili. Mwaka 1991 alikuwa ndani ya benki bomu lilipolipuka. Mwaka 2017 anaonekana akigombana na mwanamume anayejiita mumewe, hawezi kuvuka kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Hatimaye anafika baa, anacheza dansi yake ya zamani, ugomvi unazuka, na ghafla yuko mahali peupe akijitazama kwenye kioo, hana vipodozi, ametaharuki. Nadharia ya hospitali na nadharia ya kwamba yuko kwenye ulimwengu mwingine zote zinasimama, kwa sababu tamthilia haikutoa ushahidi wa kuangusha mojawapo. Mimi leo naegemea kwamba Lynch alitaka tuhisi woga wa kuamka mahali usipopajua, na alipofikisha woga huo akaona kazi imekwisha. Anayetaka zaidi ya hapo ana haki ya kunung'unika.

Sasa lile la mwaka. Ili kulielewa rudi sehemu ya 17. Cooper anarudi usiku wa kifo cha Laura, anamshika mkono, anamwongoza msituni. Halafu tunaonyeshwa picha zile zile za mwanzo kabisa, za ufukweni, ila mwili uliofungwa kwenye plastiki unafifia na kutoweka. Mzee Pete, aliyeukuta mwaka 1990, safari hii anapita, anakaa na ndoano yake, anavua samaki kwa amani. Kwa dakika hizo tunadhani kila kitu kimefutwa. Kisha mkono wa Laura unamponyoka Cooper na ukelele unasikika msituni.

Sehemu ya 18 ni gharama ya jambo hilo. Cooper amempata mwanamke mwenye sura ya Laura anayejiita Carrie Page, amempeleka hadi mlango wa nyumba ya akina Palmer, na mwenye nyumba hamjui mtu yeyote wa jina hilo. Anauliza huu ni mwaka gani. Usitafute tarakimu, ndugu yangu. Sikiliza kinachofuata: kutoka ndani ya nyumba sauti ya mama inaita "Laura", kwa mbali sana, kama asubuhi ile ya kwanza alipokuwa akimwita binti ashuke ngazi. Carrie anasikia, anapiga ukelele, taa za nyumba zinazimika. Nisomavyo mimi, amekumbuka. Cooper aliweza kuuondoa mwili ufukweni, lakini hakuweza kuyaondoa aliyofanyiwa binti yule na baba yake ndani ya nyumba ile. Nadharia yoyote inayokupa tarehe na ramani ya malimwengu lakini ikamsahau Laura, kwangu imekosa hata ingawa hesabu zake zinatimia.

Hapa ndipo pia unaona kwa nini Lynch hakutaka kumtaja muuaji. Alisema mara nyingi kwamba fumbo lile lilipaswa kubaki wazi. Kituo cha televisheni cha ABC kikashinikiza, na tarehe 10 Novemba 1990 watazamaji wakaonyeshwa kwamba ni Leland, baba yake, akiwa na BOB ndani. Jibu likatoka, na tamthilia ikapoteza mhimili wake. Kufikia Juni iliyofuata ilikuwa imekwisha. Kila mara mtu anaponiambia anataka majibu yote namkumbusha miezi hiyo saba.

Kuhusu namba 430, jibu limo ndani ya hadithi. Mwanzoni mwa sehemu ya 1 ya mwaka 2017 lile jitu linamwambia Cooper aikumbuke. Kwenye sehemu ya 18 yeye na Diane, katibu wake, wanaendesha gari maili 430 kamili, wanasimama, anahakiki, wanavuka. Imefunguka, imefungwa. Haina kazi kwenye risiti.

Lakini kwa nini mdogo wako anaiona? Na kwa nini wewe unaamka ukimfikiria Audrey? Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, akifanya kazi Berlin, alichapisha majaribio ambamo watu walipewa vikazi vidogo na baadhi wakakatizwa katikati. Alikuta walivikumbuka zaidi vile vilivyokatizwa. Waliorudia jaribio lake baadaye walipata matokeo yanayopingana, kwa hiyo usilibebe kama sheria. Kilichosimama vizuri zaidi ni alichokiona mwenzake Maria Ovsiankina mwaka 1928: ukimwacha mtu peke yake na kazi aliyokatizwa, atairudia mwenyewe bila kuambiwa wala kulipwa. Tamthilia ya mfululizo inaishi kwa silika hiyo. Inakukatiza kwa makusudi ili urudi wiki ijayo. Shida ni pale ambapo wiki ijayo haipo tena. Lynch alifariki Januari 2025. Silika haijui hilo, inaendelea kurudi, na ikikosa chakula kwenye hadithi inaanza kutafuta nje, kwenye risiti.

Nadharia ya kuwasha sehemu mbili kwa pamoja inaweza kupimwa, na ningependa mdogo wako aipime mwenyewe badala ya kubishana nawe. Aandike mioano yote anayoiona kati ya ya 17 na ya 18. Kisha achukue jozi ambayo hakuna anayedai inaoana, tuseme ya 9 na ya 10, aziwashe pamoja na ahesabu kwa ukali ule ule: watu wanaogeuka kwa wakati mmoja, neno linaloangukia kwenye picha inayofaa, milango miwili inayofunguka pamoja. Atapata mingi. Saa nzima ya picha za mwongozaji mmoja, mwenye milango, mapazia na watu wanaotazama kimya, ikigongana na saa nyingine ya namna hiyo lazima izae mioano. Kama jozi ya 17 na 18 inaipita ile nyingine kwa mbali, ana jambo la kusimulia. Kama zinalingana, atajua alichokuwa anakiona ni kazi ya jicho lake.

Usimwambie anapoteza muda, kwa sababu si kweli. Charles Dickens alifariki mwaka 1870 akiwa ameandika nusu tu ya riwaya ya Edwin Drood, sehemu sita kati ya kumi na mbili, na watu hawajaacha kuibishania. Mwaka 1914 wapenzi wake London walimpandisha kizimbani mshukiwa wa kubuni, G. K. Chesterton akiwa jaji na George Bernard Shaw akiongoza baraza la wazee wa mahakama. Watu wazima, wenye kazi zao, waliketi jioni nzima kumhukumu mtu asiyekuwepo. Kubuni mwisho wa hadithi uipendayo ni namna mojawapo ya kuitunza.

Lakini kuna mpaka, na nataka uniamini ninapousema kwa sababu nimewahi kumwona rafiki akiuvuka taratibu huku sisi tukicheka naye. Kukesha siku mbili tatu baada ya mwisho wa kushtua ni kawaida. Kulala saa tisa usiku wiki baada ya wiki, kazi au masomo yakaanza kulega, hilo lishughulikie sasa: daftari lifungwe saa fulani, mkubaliane wawili, nawe ufunge yako. Muhimu zaidi, msikilize vizuri anapokuonyesha 430. Akisema "tazama, sadfa ya ajabu" na akacheka, mtu huyo anacheza. Akisema namba imewekwa pale kwa ajili yake, kwamba inamwelekeza kitu au anatumiwa ujumbe, au akaanza kuogopa na kujitenga, hiyo haihusu tamthilia tena. Mpeleke kwa daktari, ikiwezekana wa afya ya akili, na nenda naye mwenyewe. Usisubiri mpaka awe na hakika zaidi, na usimgombeze kwa anachokiamini. Kukosa usingizi peke yake kunaweza kumfikisha mtu karibu na hapo, na kadiri anavyoonwa mapema ndivyo anavyorudi upesi. Barua yako hainiambii yuko upande gani. Wewe uliye naye chumba kimoja utajua kwa kumwuliza swali moja kwa upole: hiyo namba unadhani imefikaje hapo?

Akiwa ni mwenye kucheza tu, basi Jumamosi mchana, si usiku, mwekee tena sehemu ya kwanza ya mwaka 1990. Msiandike chochote. Mama yake Laura akianza kuita kutoka chini ya ngazi, ongeza sauti kidogo.